Wimbo Hukuta Nini Moyoni

 Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo kila mmoja wetu alikutana nalo kabla hajajua kulitaja, kwa kuwa mtoto mchanga hubembelezwa kwa wimbo kabla ya kuambiwa neno lolote analoweza kulifahamu, na mtu anapofikia mwisho wa umri wake, jamaa na majirani humsindikiza kaburini kwa dhikri au kwa tenzi za kanisani. Kati ya ncha hizo mbili za maisha, hakuna shughuli kubwa ya binadamu isiyokuwa na sauti zake zilizopangwa: jando na unyago, posa na harusi, mavuno na vita, ibada na mapumziko, kila moja ina nyimbo zake, na kila wimbo una mahali pake na adabu zake.

Nia yangu si kuusifu muziki tu, maana sifa zisizokuwa na hoja hazimzidishii msikilizaji maarifa. Nataka tuulize pamoja maswali matatu: muziki hufanya nini ndani ya nafsi ya mtu, husaidia nini katika kujifunza, na hujenga au hubomoa nini katika maisha ya watu wakaao pamoja. Mifano yangu mingi nitaichukua katika taarabu ya Unguja na nyimbo za pwani yetu, kwa sababu huko mambo haya matatu yameishi nyumba moja kwa muda mrefu, na kwa sababu mtu huweza kupima vyema habari za ulimwengu mzima akiwa amesimama juu ya ardhi anayoifahamu.

Nitaanza na nafsi. Imam Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni wa Khurasani aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake kikubwa kiitwacho Ihya Ulum al-Din, aliitengea adabu ya kusikiliza nyimbo sehemu nzima, na humo akaeleza rai ambayo haijachakaa mpaka leo, kwamba sauti nzuri haiingizi moyoni kitu ambacho hakikuwamo, bali huchochea kile kilichomo. Mwenye kumkumbuka Mola wake huzidi kumkumbuka, mwenye kufiwa huzidi kulia, mwenye shauku ya kurudi kwao huiona njia ya kwao imekuwa fupi, na mwenye nia mbaya, vilevile, nia yake hupata joto. Imam huyo alitaja hata habari za ngamia, ambao kwa kuimbiwa na mwongozaji wao husahau uzito wa mizigo na urefu wa jangwa, ili aonyeshe kwamba nguvu hii imekita katika maumbile, wala si upuuzi wa watu wasiokuwa na kazi. Nawaomba muihifadhi rai hii, maana tutairejea tena na kuipima kabla hatujaagana.

Tazameni jinsi inavyothibiti katika usiku wa taarabu. Shughuli hufunguliwa kwa bashrafu, yaani kwa ala peke yake bila ya neno hata moja, udi na kanuni, fidla na nai, na nyuma yake dumbaki na rika zikishika mwendo. Na hapo, kabla mwimbaji hajasimama, waliohudhuria wamekwisha kutolewa katika shughuli za mchana, bei za sokoni na maneno ya jirani yamewaondoka, na nyoyo zao zimeandaliwa kupokea shairi. Kisha wimbo wenyewe huja katika maqamu yake, Rasti au Bayati, Hijazi au Saba, na kila maqamu ina ngazi yake ya sauti na njia yake ya kupanda na kushuka. Baadhi ya ngazi hizo zina sauti ambazo hukaa katikati ya zile zinazopatikana katika piano, kwa hiyo mtu aliyelelewa na piano peke yake, akizisikia mara ya kwanza, hudhani mpigaji amekosea, ilhali mzee wa Malindi aliyezisikia tangu utotoni katika kisomo cha Kurani na katika nyimbo za harusi hutikisa kichwa kwa uchungu mtamu ambao hawezi kuueleza. Sauti ni ile ile, masikio mawili yameipokea kwa namna mbili. Kumbe hisia za muziki, ambazo tumezoea kuzidhani kuwa ni za maumbile matupu, zina mafunzo yake, na moyo nao umesomeshwa.

Hata hivyo haitakuwa haki kusema kwamba yote ni mafunzo. Mwaka 2009 watafiti kutoka Leipzig, Ujerumani, walichapisha habari za Wamafa, watu wa milima ya kaskazini mwa Cameroon, ambao baadhi yao walikuwa hawajapata kusikia muziki wa Ulaya. Waliposikilizishwa vipande vya muziki huo, waliweza kutambua kipi cha furaha, kipi cha huzuni na kipi cha hofu, kwa kadiri iliyozidi ile ya kubahatisha. Bila shaka sababu yake iko karibu nasi. Mtu mwenye furaha husema kwa haraka na sauti yake hupanda, na mwenye majonzi husema polepole na sauti yake hushuka, awe wa Pemba au wa Norwei, na muziki huiga mwendo huo wa sauti ya binadamu. Basi tuseme kwamba maumbile yameweka msingi ulio mmoja kwa wanadamu wote, na juu ya msingi huo kila umma umejenga nyumba yake.

Na ndani ya mwili hutokea nini? Mwaka 2011 wataalamu wa Montreal, Kanada, waliwachunguza watu wanaosisimkwa mwili wanaposikia nyimbo wazipendazo, wakaona kwamba ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini, ile ile ambayo hutolewa mtu mwenye njaa anapopata chakula. Na jambo la ajabu ni kwamba haikutolewa katika kilele cha wimbo tu, bali ilitolewa pia kabla yake, wakati wa kukingojea kilele hicho, tena katika sehemu nyingine ya ubongo. Mpigaji kanuni hodari amelijua jambo hili tangu zamani bila ya kuhitaji mashine ya kulipima. Anapopiga taksimu, yaani anapopiga peke yake kwa kubuni, huikaribia ile sauti ya asili ambayo kila sikio linaitamani, kisha akaiepuka, akapanda, akazunguka, akawaweka watu katika shauku, na anapoishukia hatimaye, ukumbi mzima humpokea kwa kelele za ridhaa. Lakini hawezi kungojea ila anayejua kinachokuja, na hawezi kujua kinachokuja ila aliyekwisha kufundishwa njia. Hivyo raha ya muziki na elimu ya muziki hazitengani, na mwenye sikio lililofunzwa zaidi hufurahi zaidi.

Na tukilitaja fundisho tumekwisha kufika katika swali letu la pili. Waulizeni wazee wetu waliosoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani, jinsi walivyozishika herufi na irabu zake, nao watawajibu kwa kuziimba, kwa sababu hawakuzipokea kwa njia nyingine. Mwalimu alitoa sauti, watoto wakaipokea, na mahadhi yakabaki katika ulimi hata baada ya ubao kufutwa. Wazee wetu washairi nao walilijua hilo walipozipanga tenzi. Kila mshororo una mizani nane, kila ubeti una mishororo minne, mitatu hufuatana kwa kina kimoja na wa nne hubeba kina cha bahari kutoka mwanzo wa utenzi hadi mwisho wake. Mpango huu si pambo tupu. Ni ulinzi wa kumbukumbu, kwa kuwa msomaji akisahau neno, mizani humwambia silabi ngapi zimepotea na kina humwambia zilikuwa zikiishia wapi. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, alipotaka kumwachia binti yake wasia katikati ya karne ya 19, aliutunga kwa utenzi. Na wanawake wengi wa visiwa vya Lamu, pamoja na wale ambao hawakupata kushika kalamu, waliuhifadhi moyoni na kuufundisha mabinti zao kwa sauti ya kuimba.

Nao ushahidi mkubwa katika mlango huu ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika nyumba ya watu maskini walioishi kwa kufinyanga vyungu, wala hakupata utotoni mwake nafasi ya kujifunza kusoma na kuandika. Alipohamia mjini katika mwaka 1911 alikuwa mtu mzima, na alichokuwa nacho ni sauti, sikio, na hamu ya kufundishwa. Kwa njia hiyo ya sikio alihifadhi nyimbo nyingi kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, kwa matamshi yaliyowaridhisha wenye lugha zao, hata Shaaban Robert, gwiji wa nathari yetu, akaona maisha yake yanastahili kuandikiwa wasifu. Tusimtazame kama mtu aliyekosa elimu akabahatika kuwa na sauti. Alikuwa mtu wa elimu, ila darasa lake lilikuwa mahadhi na kitabu chake kilikuwa kumbukumbu.

Matabibu nao wamekutana na nguvu hii mahali pasipotazamiwa. Wapo wagonjwa ambao kiharusi kimewapokonya usemi, hata mtu hawezi kuomba maji kwa sentensi iliyo timamu, lakini akianzishiwa wimbo wa utoto wake huuimba pamoja na maneno yake. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, walitangaza njia ya kuwatibu wagonjwa wa namna hiyo kwa kuwafundisha kusema kwa mahadhi, polepole, huku mkono wa kushoto ukipiga mapigo ya silabi, mpaka baadhi yao wakarejewa na sehemu ya usemi wao. Inaonyesha kwamba neno lililoimbwa limehifadhiwa katika ubongo kwa njia iliyo pana kuliko neno lililosemwa tu, na kwamba mlango mmoja ukifungika, mwingine huweza kubaki wazi. Vivyo hivyo wanaowauguza wazee waliopotewa na kumbukumbu wanajua kwamba mzee asiyemtambua tena mwanawe huweza kuuimba hadi mwisho wimbo aliochezewa siku ya harusi yake.

Lakini nawasihi wasikilizaji wangu wasidanganywe na wachuuzi wa ajabu. Mwaka 1993 lilitoka katika jarida la Nature tangazo la utafiti uliofanywa California kwa wanafunzi 36, kwamba waliosikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10 walifanya vizuri zaidi mtihani mmoja wa kutambua maumbo, na kwamba faida hiyo haikupita kiasi cha robo saa. Watu waliacha habari ya robo saa, wakashika habari ya akili, hata mwaka 1998 Gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, akaliomba baraza lake fedha za kumpa kila mtoto mchanga muziki huo ili awe na akili. Watafiti wengine waliporudia jaribio hilo hawakuona faida ya kudumu, na iliyoonekana ilikuwa ni uchangamfu wa muda tu ambao ungeweza kuletwa hata na hadithi nzuri. Akili haimwagwi sikioni mwa mtoto aliyelala. Kinachomfaa mtoto ni kuimba mwenyewe, kupiga mwenyewe, kukosea na kurekebishwa, kumngojea mwenzake na kuingia kwa zamu yake. Na hayo yote ni kazi, wala hayauzwi ndani ya kasha.

Sasa na tufike katika maisha ya watu kwa jumla, ambapo jambo hili la kumngojea mwenzako na kuingia kwa zamu limekuwa msingi wa mengi. Mabaharia wa jahazi walipotaka kuipandisha foromali nzito pamoja na tanga lake, walishika henza, yaani kamba ya kuipandishia, kwa pamoja na mmoja wao akaanza wimbo, na wengine wakavuta pale pale walipoitikia, kwa sababu nguvu za watu kumi zisizokuwa na mwendo mmoja hazifiki nguvu za watu watano wanaovuta kwa pigo moja. Huu ndio ufunguo wa taathira ya muziki katika jamii: huwapa watu wengi wakati mmoja, na wanaoshiriki wakati mmoja hujiona ni wamoja, japokuwa dakika chache kabla ya hapo walikuwa hawajuani.

Kwa hiyo haishangazi kwamba nyimbo na ngoma ndizo zilizozaa vyama vyetu vya mwanzo. Nadi Ikhwani Safaa ilianzishwa mjini Unguja mwaka 1905, nayo imedumu kupita tawala za masultani, ulinzi wa Waingereza, na mapinduzi. Vijana walioingia kujifunza udi walijifunza humo pia kuitunza amana ya chama, kuwaheshimu waliowatangulia, na kuketi pamoja na mtu ambaye pengine nje ya mlango ule wasingeketi naye. Wanawake walikuwa na vyama vyao vya ngoma ya lelemama, vilivyoshindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa ushairi. Kadhalika ngoma ya beni, iliyoanza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikajigawa pande mbili mbili, Kingi na Skochi katika Lamu na Mombasa, Marini na Arinoti katika Tanganyika, na kwa mikono ya askari na wafanyakazi ikafika bara ya mbali. Watawala wa wakati ule wengine waliitazama wakaona kelele na ufahari, lakini mgeni aliyetoka bara akafika Dar es Salaam asimjue mtu, katika chama cha beni alipata wa kumuuguza akiugua na wa kumzika akifa.

Taarabu yenyewe ilipata kuwa shahidi wa jinsi wimbo unavyoweza kuhamisha heshima kutoka mahali pamoja hadi pengine. Katika siku za Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888, ilikuwa ni burudani ya kasri, kwa lugha ya Kiarabu, kwa ala zilizotoka Misri. Siti na wenzake waliitia Kiswahili kinywani, wakaishusha mpaka mitaa ya Ng'ambo, na mwaka 1928 walipovuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, sauti ya binti wa mfinyanzi ikarudi pwani ndani ya sanduku, ikasikilizwa katika mikahawa ya Mombasa na majumba ya Dar es Salaam na watu ambao hawangepata kamwe kukaribishwa katika kasri. Nyimbo zake hazikuwa za mahaba tu. Wimbo wa Kijiti ulisimulia kisa cha mauaji ya mwanamke, na jinsi mtuhumiwa alivyokimbilia bara ilhali adhabu ikawashukia mashahidi. Na kwa wimbo huo mji mzima ulihukumu upya kesi ambayo mahakama ilikwisha kuifunga. Mtu mnyonge asiyekuwa na gazeti wala wakili alikuwa na wimbo, na wimbo ulisikiwa hata na hakimu.

Lamu nako tuna mfano mwingine wa heshima kupanda kwa njia ya sauti. Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Komoro akaweka makazi Lamu, na ambaye msikiti wake wa Riyadha ulijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, aliyakaribisha matari katika maulidi, na akawakaribisha pamoja nayo watumwa, walioachwa huru na wageni maskini, wale ambao ngoma ndiyo iliyokuwa lugha yao ya furaha. Walikuwapo wenye elimu waliomlaumu, na hoja zao zilikuwa na uzito katika fikira za zama zile, lakini yeye aliona kwamba mtu akikaribishwa na sauti yake amekaribishwa mzima. Leo, kila Mfungo Sita, watu wa pwani nzima hukusanyika mjini hapo kwa maulidi, na wajukuu wa waliokaribishwa huketi safu moja na wajukuu wa waliolaumu.

Wasikilizaji, mpaka hapa nimewaonyesha upande ulio mwema. Nguvu yenye kuunganisha, hata hivyo, huunganisha watu kwa lolote lile. Katika ukumbi wa taarabu mwanamke huinuka, akatembea kwa madaha mpaka mbele ya mwimbaji, akamtunza noti pale pale ubeti unaposema la moyoni mwake, na mara nyingine noti ile huwa ni salamu ya mapenzi, na mara nyingine huwa ni mkuki uliolengwa kwa mwanamke mwingine aliyeketi safu ya tatu. Mpasho, yaani wimbo wa kumsema mtu kwa fumbo, ukiwa na adabu huweza kuzuia ugomvi, kwa kuwa aliyesema kwa fumbo hakulazimika kusema kwa ngumi. Lakini fumbo likivuliwa nguo, likawa tusi tupu, wimbo huacha kuwa kafara ya ugomvi ukawa kuni zake.

Na liko lililo zito zaidi. Katika Rwanda, kabla ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 na wakati yakiendelea, redio iliyochochea mauaji ilipiga mara kwa mara nyimbo za Simon Bikindi, mtunzi hodari aliyependwa sana. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu tarehe 2 Disemba mwaka 2008 kifungo cha miaka 15, na wala si kwa nyimbo hizo, bali kwa maneno aliyoyatamka barabarani kwa kipaza sauti, akiwahimiza watu kuua. Juu ya nyimbo, majaji walikiri kwamba zilisaidia kueneza chuki, lakini hawakuona ushahidi wa kumtwika yeye jukumu la kupigwa kwake redioni katika siku zile. Naiheshimu hadhari hiyo ya sheria. Lakini sisi ambao hatukuketi kuhukumu mtu, bali tumeketi kujifunza, hatuwezi kupita bila ya kuona kwamba mahadhi matamu, mwendo mmoja na watu kuitikia kwa pamoja, mambo yale yale matatu yaliyowapa nguvu mabaharia na faraja wafiwa, yalitumika kuwapa wauaji moyo.

Hapa ndipo tunapoirejea rai ya Imam al-Ghazali kama nilivyoahidi. Alisema kweli kwamba wimbo huchochea kilichomo moyoni. Ni upepo katika tanga, ambao husukuma chombo kule ambako sukani imeelekezwa. Lakini kwa yale tuliyoyaona katika chuo, katika utenzi wa Mwana Kupona na katika kumbukumbu ya wagonjwa, nathubutu kuongeza jambo moja, nalo ni kwamba wimbo unaorudiwa hauondoki mikono mitupu: kila unapopita huacha neno, na maneno hayo yakikusanyika kwa miaka huwa ndiyo hicho kilichomo moyoni, ambacho wimbo wa kesho utakuja kukichochea. Wimbo wa leo huuandalia wimbo wa kesho cha kukuta. Kwa hiyo muziki si jambo la starehe ya saa moja. Ni malezi, na kila malezi yana wajibu.

Wajibu wa kwanza ni wetu sisi tulio wazazi na walimu. Katika skuli zetu nyingi kipindi cha nyimbo ndicho cha kwanza kutolewa ratiba inapobana, kana kwamba kuimba ni posho ya watoto waliomaliza kazi, ilhali ndiko kunakomfundisha mtoto kusikiliza, kukumbuka na kushirikiana. Chuo cha muziki kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002 katika jengo kongwe la forodha, kikawafundisha vijana udi, kanuni na ngoma za asili kwa mikono ya mafundi wazee, kimetuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Kila wilaya haiwezi kuwa na chuo kama hicho, lakini kila skuli inaweza kumwalika bibi mmoja anayezijua nyimbo za kwao, na mzee mmoja anayejua kuwamba ngoma.

Wajibu wa pili ni wa watunzi na waimbaji, na pamoja nao sisi tunaosema katika redio. Sauti yetu huingia katika nyumba bila ya kubisha hodi, huwakuta watoto kabla hawajapata akili ya kuchagua, na hurudiwa mara nyingi kuliko nasaha ya baba. Mwenye kupewa mlango wa namna hiyo amepewa amana, na amana hiyo haiishii katika kuepuka matusi; inamtaka atafute lililo zuri, alitunge kwa ufundi, na asiridhike na mahadhi mepesi kwa kuwa tu yanauzika.

Wajibu wa tatu ni wa kila msikilizaji, nao ni mwepesi kuutaja na mzito kuutimiza: kusikiliza. Wakati ambapo Umm Kulthum wa Misri alikuwa akiimba redioni Alhamisi ya kwanza ya mwezi, watu wa miji mingi ya Waarabu waliacha shughuli zao wakakaa pamoja kwa saa nyingi kuufuata wimbo mmoja mpaka mwisho wake, naye akirudia ubeti, waliusikia kwa maana mpya. Leo nyimbo zimetuzunguka kila upande, sokoni na garini, na kwa wingi wake zinatupita. Chagueni wimbo mmoja ulio mwema, ukaeni nao, jueni ni nani aliyeutunga na kwa sababu gani, uimbeni pamoja na watoto wenu mpaka waushike. Msidhani kwamba mtoto msiyemfundisha wimbo atakaa bila ya wimbo. Wahenga wamesema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu una nyimbo za kila namna, hauulizi umri wala haungoji ruhusa. Basi tuwahi sisi kwanza.